Mkono wa vibonzo ndani ya behewa la daraja la tatu

Wapo wachoraji hapa Amu, yaani mji wa Lamu, wanaoshikilia kwamba mchora vibonzo hafai kuaminiwa na sura ya mtu maskini. Mkono wake umezoea kurefusha pua na kuvimbisha mashavu. Ukimpa rangi za mafuta, wanasema, atadhihaki vile vile, ila kwa bei kubwa zaidi. Hoja hii ina uzito, na wa kuipimia ni Honoré Daumier, Mfaransa aliyezaliwa Marseille mwaka 1808.

Daumier alikula kwa vibonzo. Alitoa takriban michoro 4,000 ya kuchapwa kwa jiwe, mingi yake kwa magazeti ya Paris. Mwaka 1831 alimchora Mfalme Louis-Philippe kama jitu lililoketi, kodi za raia zikipandishwa kwa ubao mpaka kinywani mwake, na huku chini ya kiti zikitoka karatasi za vyeo na nishani. Alihukumiwa kifungo cha miezi sita.

Miaka ya 1860 mkono huo huo ulichora kwa rangi za mafuta "Behewa la Daraja la Tatu". Nakala iliyoko New York haikumalizwa, na mistari ya miraba aliyopimia mchoro bado inaonekana chini ya rangi. Katikati ameketi bibi kizee, mikono juu ya kapu lake. Upande mmoja mama ananyonyesha, upande wa pili mvulana amelala. Nyuma yao abiria wamebanana. Waliopanda daraja la tatu kwenye reli ya zamani ya Mombasa wataujua uchovu huo bila kuelezwa.

Mimi naona mafunzo ya vibonzo ndiyo yaliyoiokoa picha hii. Uso wa bibi umepatikana kwa mistari michache mizito: macho yaliyozama, mdomo uliofungwa, basi. Aliyezoea kumkamata mtu kabla gazeti halijaenda kuchapwa anajua cha kuacha. Wala hakuna anayechekwa humo.

Lakini wapinzani wana jambo linalouma. Mwaka 1864 tajiri mmoja wa Marekani, William Walters, aliagiza kwa Daumier picha za rangi za maji: daraja la kwanza, la pili na la tatu. Umaskini ukawa kipande kimoja cha seti ya ukutani. Hapa kwetu tunalijua hilo. Maduka ya picha yamejaa punda, majahazi na mwanamke wa buibui aliyechorwa kwa mgongo, na hakuna anayeuliza ni mama wa nani. Kumchora mama akinyonyesha bila idhini yake, katika mji wetu, ni kumvunjia sitara. Katika hili niko nao kabisa.

Wanachokosea ni kumtafuta mkosaji upande wa vibonzo. Kibonzo cha mfalme kilikuwa na mwenyewe: kila mtu alimjua, naye alikuwa na mahakama za kumjibia, na mchoraji akalipa kwa kifungo. Bibi wa behewani hana jina wala pa kulalamikia. Hatari basi imo katika ile picha ya heshima, yenye rangi tulivu, ambayo mchoraji haulizwi lolote kwa ajili yake.

Kwa hiyo kijana anayechora vibonzo vya wanasiasa asifukuzwe kwenye turubai. Apande boti ya Mokowe, ile inayotuvusha kwenda bara, ambamo abiria hukaa wakitazamana magoti yakikaribia kugusana: mzee na gunia lake, mwanafunzi anayesinzia, mama na mtoto. Ana jicho la kuwatofautisha, jambo ambalo wengi wa wale wanaochora jahazi lile lile kila mwaka wamelipoteza. Awaombe ruhusa kwanza, aandike majina yao nyuma ya picha wakikubali, na akiiuza wapate kitu. Daumier hakufanya hivyo, nami sioni kwa nini ufundi wake utuzuie kumdai.