Siku moja ya Taif: msafiri wa Umra aende au abaki Haram?

Kila kundi la Umra likijiandaa kuondoka hapa Tanga, swali hili huibuka barazani: Taif twende au tusiende? Ni mji wa milimani, mashariki ya Makka, mwendo usiofika saa mbili kwa gari, na mawakala wengi huuweka kwenye ratiba kama siku ya ziara. Wazee wetu wengine hawataki hata kuusikia. Mimi nilikwenda, na bado naona wana hoja.

Wanasema hivi: swala moja ndani ya Haram, yaani Masjid al-Haram, msikiti mkuu wa Makka, kwa mujibu wa Hadithi, ni bora kuliko swala laki moja za kwingineko. Mtu amedunduliza miaka, amepata siku tano au sita tu za Makka. Ukimtoa asubuhi ukamrudisha usiku, swala tatu za pale zimempita. Atazirudia lini? Tena wazee hao huongeza: kama ni baridi mnayoitaka, si mpande Lushoto, huku kwetu kwenye milima ya Usambara?

Hilo la Lushoto nimelipigia hesabu. Makka iko karibu mita 300 juu ya usawa wa bahari, Taif karibu mita 1,700. Sisi tuko pwani, na Lushoto iko karibu mita 1,400. Kimo cha kupanda ni kilekile! Na kwa kawaida hewa hupoa nyuzi kama sita hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo anayetoka Ngamiani, mtaa wa hapa Tanga, kwenda Lushoto anapata nafuu inayokaribiana na ya anayetoka Makka kwenda Taif.

Ila baridi zenyewe ni mbili tofauti. Ya Usambara ina maji: ukungu asubuhi, nguo kambani hazikauki, sweta linanuka moshi wa kuni. Ya Taif ni kavu, midomo inapasuka. Mchana jua linachoma, lakini ukisogea kivulini unapata nafuu, na jua likizama joto linaondoka upesi kwa kuwa hewa ni kavu na mawingu ya kulizuia ni haba. Ndiyo maana watawala wa Saudia walizoea kuhamia huko majira ya joto, Makka ikipita nyuzi 40.

Sisi tulikodi gari dogo, tukapanda kwa njia ya Al-Hada. Kona juu ya kona, kama za kutoka Mombo kupanda Lushoto, lakini huku mlima ni mwamba mtupu. Masikio yakaziba. Bi mkubwa mmoja wa Pangani alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili akisoma Ayatul Kursiy, hadi tulipowaona nyani wameketi kwenye ukingo wa barabara.

Hapo ndipo kisa cha Taif kilinijia upya. Tangu chuoni tumesomeshwa kwamba Mtume (s.a.w.), baada ya kufiwa na mkewe Bi Khadija na ami yake Abu Talib, alikwenda Taif pamoja na Zayd bin Haritha kuwalingania Thaqif, kabila la huko. Wakamkataa, wakawachochea watoto na wahuni wampige mawe mpaka miguu ikavuja damu. Akajisitiri kwenye shamba la mizabibu, na Addas, mtumwa Mkristo kutoka Ninawa, akamletea zabibu. Kisa nilikijua kwa moyo. Nisichowahi kukifikiria ni mlima. Kumbe safari ile ilikuwa ya kupanda, na kurudi kwake, kwa miguu ile, kulikuwa kushuka! Alipoambiwa na malaika wa milima kwamba akitaka watu wale watafunikwa na milima, alikataa, akitaraji vizazi vyao watamwabudu Mwenyezi Mungu. Nikitazama bonde lile chini ya gari, nililia. Hilo Lushoto haiwezi kunipa.

Kwa hiyo ugomvi wangu ni na ratiba zilivyopangwa. Kundi linashushwa kwenye duka la mafuta ya waridi (mawaridi yenyewe huchumwa Machi na Aprili, alfajiri, kabla jua halijayakausha), linapigwa picha, linarudi, na msikiti wa Ibn Abbas umeonekana dirishani tu. Safari ya namna hiyo kweli haifidii swala tatu. Mwenye siku tano za Makka, au mwenye magoti mabovu, abaki Haram kwa moyo mkunjufu. Mwenye kumi aende, atoke baada ya Alfajiri, na kiongozi asimulie kisa garini wakati wa kupanda, si hotelini.

Wengi hurudi na Umra ya pili, kwa kuwa njiani kuna mikati, yaani mahali pa kunuia Umra na kuvaa ihramu: Wadi Mahram au Sayl al-Kabir. Masheikh wanahitilafiana: wengine wanaihimiza, wengine wanaona tawafu, yaani kuizunguka Kaaba, ni bora kuliko kurudiarudia Umra katika safari moja. Muulize sheikh wako ukiwa bado Tanga. Ukishaamua kuifanya, ihramu uiweke ndani ya begi tangu asubuhi. Kwetu wanaume wawili waliacha zao hotelini, wakalazimika kununua nyingine pale mikati.