Shaba ya Kilembe ilipita hapa Nairobi

Wapanda milima wa Nairobi wakizungumzia Rwenzori, sifa zote huenda kwa theluji ya Margherita, kilele cha mita 5,109, na matope ya njiani. Kilembe, mji wa mgodi wa shaba chini ya milima hiyo magharibi mwa Uganda, hutajwa kama mahali pa kulala usiku mmoja kabla ya kupanda. Hilo huniuma, maana mji ule ni sehemu ya historia ya reli tuliyokulia kando yake.

Reli ilifika Kasese, mji jirani na Kilembe, mwaka 1956 kwa sababu ya shaba. Mawe yalichimbwa Kilembe, yakasagwa na kuchujwa, mzigo ukapelekwa Jinja kuyeyushwa kwa umeme wa bwawa la Owen Falls, kisha shaba ikasafirishwa hadi bandari ya Mombasa. Njia yake ni hii yetu: Tororo, Eldoret, Nakuru, Nairobi. Katika miaka ya 1960 shaba ilikuwa nyuma ya kahawa na pamba tu katika mauzo ya nje ya Uganda. Halafu zikaja vurugu za miaka ya Amin, wataalamu wakaondoka, na kufikia 1982 uchimbaji ulikuwa umekwisha.

Mandhari ya pale ni ya kukufanya usimame. Bonde la mto Nyamwamba ni jembamba, limebanwa na milima pande zote mbili. Nyumba za wafanyakazi wa mgodi zimepangwa mteremkoni, mabati ya majengo ya zamani yameshika kutu, na juu yake mashamba ya Wakonzo yanapanda hadi macho yanachoka kuyafuata. Ni kuzuri, nakubali. Ila kando ya mto kuna malundo ya taka za mgodi, na hayo ndiyo ambayo wageni wengi huyapita bila kuuliza ni nini.

Mto ule una hasira. Mei 2013 ulifurika ukabomoa nyumba na madaraja. Mei 2020 ukarudi na kuiharibu hospitali ya Kilembe. Kila ukifurika hula malundo yale na kuyasukuma kuelekea Kasese na Ziwa George, ambako watu huvua samaki. Watafiti wamekuta shaba na kobalti kwenye udongo wa bonde, pale pale watu wanapolima chakula.

Sasa dunia inaitafuta shaba tena kwa ajili ya nyaya na magari ya umeme, na mazungumzo ya kuufufua mgodi hayaishi. Mimi sipingi, vijana wa Kasese wanahitaji kazi. Ninachosema ni kwamba kazi ya kwanza iwe malundo ya zamani: yahamishwe mbali na mto au yajengewe kingo imara, na gharama iandikwe kwenye mkataba kabla jiwe jipya halijatolewa. Nanyi mnaotoka Nairobi kwenda Margherita, tengeni siku nzima ya Kilembe. Mlipeni mwenyeji awatembeze mjini, na mwambieni awafikishe kwenye malundo yale.