Nilisema Ndiyo kwa Watu Arobaini

Pete yangu ya kwanza ya uchumba ilikuwa ya tanzanite, kijiwe cha buluu chenye mwako wa zambarau, kidogo kama punje ya kunde. Niliivaa siku 19.

Nilivishwa ukumbini, kwenye sherehe ya kufunga mwaka ya ofisi niliyokuwa nikifanya kazi Dar es Salaam. Muziki ulizimwa, bosi akaitwa mbele, keki ikasukumwa hadi katikati, na mwanaume niliyekuwa naye kwa miezi minane akapiga goti. Simu zilikuwa zimeshanyanyuliwa kabla sijaelewa kinachoendelea. Wenzangu walijua wiki nzima. Mshereheshaji akanisogezea maikrofoni mdomoni. Nikasema ndiyo. Vigelegele vikapasua paa.

Kweli yangu ni kwamba nilikuwa bado sijui. Nilimpenda, lakini kulikuwa na mambo mawili makubwa ambayo hatujayazungumza hata siku moja, dini za familia zetu na suala la watoto. Jibu langu la kweli usiku ule lilikuwa "nipe muda". Hebu niambie nani anaweza kusema "nipe muda" kwenye maikrofoni, mbele ya watu 40 na keki yenye jina lake. Nilimjibu bosi, nikawajibu wenye simu, nikamjibu dada wa mapokezi aliyekuwa akilia kwa furaha. Yule aliyepiga goti nilimjibu siku 19 baadaye, ndani ya gari, na jibu lilikuwa hapana. Akaniuliza kwa nini nilimdanganya mbele za watu. Swali hilo limenikaa rohoni miaka yote hii.

Ndiyo maana huumia kila nionapo video ya msichana aliyevamiwa na maua na wapiga tarumbeta, akatikisa kichwa na kuondoka. Maoni chini yake ni matusi matupu. Wenye kujiona wana busara huandika: angekubali tu pale, akamkatalie nyumbani. Mimi ndiye niliyekubali pale nikakataa nyumbani, na nasema kwa uchungu kwamba haikumwokoa mtu. Alikuwa ameshawapigia wazazi wake Iringa. Mama yake alikuwa ameshaanza kuulizia vitenge vya sare. Aibu ya dakika moja niliigeuza kuwa msiba wa ukoo mzima. Yule msichana anayeondoka amesema kweli mahali pagumu kuliko pote, na mimi namheshimu.

Watu huziweka posa zote zilizoharibika kapu moja. Mwaka 2014, katika mji wa IJsselstein huko Uholanzi, mwanaume mmoja alikodi kreni ashushwe asubuhi mbele ya dirisha la mpenzi wake amwimbie. Kreni ikapinduka, ikatoboa paa la nyumba ya jirani. Mwaka 2020 Sheffield, Uingereza, mwingine alijaza mishumaa na maputo kwenye nyumba yake ndogo ya ghorofa, akaiacha inawaka akaenda kumchukua mpenzi wake. Waliporudi nyumba ilikuwa inateketea. Wote wawili waliambiwa ndiyo. Kilichoharibika ni paa na makochi. Swali lenyewe lilibaki zima, kwa sababu aliyeulizwa alikuwa na jibu lake na akalitoa kwa hiari, tena mbele ya majivu.

Kisa cha Pemba siwezi kukiweka hapo. Mimi ni mtu wa Tanga. Pemba kwetu ni ng'ambo tu ya maji. Septemba 2019 mgeni mmoja kutoka Marekani alipiga mbizi nje ya dirisha la chumba cha hoteli kilicho chini ya maji ya bahari, akabandika kwenye kioo karatasi aliyoiandika kwa mkono, iliyotiwa ndani ya mfuko wa plastiki, kisha akatoa pete. Mpenzi wake alikuwa ndani akimrekodi. Akaogelea kwenda juu, hakutoka akiwa hai. Baadaye mpenzi wake aliandika kwamba hakupata kulisikia jibu lake, na jibu lilikuwa ndiyo. Nilipoisoma habari ile nilikaa kimya jioni nzima. Mtu hapaswi kwenda chini kwa pumzi moja bila mwenzake anayemwangalia, na natamani kila anayepanga jambo la namna hii baharini angeambiwa hivyo na mtu anayempenda. Sina lawama yoyote kwa marehemu. Maneno yake aliyaandika kwa mtu mmoja, akayapeleka kwenye kioo kimoja.

Wala sisemi kwamba mahali pa watu wengi ni pabaya siku zote. Mwaka huohuo wa 2019, Vanderbijlpark nchini Afrika Kusini, mwanaume alipiga goti ndani ya mgahawa wa kuku wa KFC. Mtandaoni mtu mmoja akamdhihaki kwa ufukara wake, na nchi nzima ikasimama kumtetea. Watu na makampuni wakawachangia harusi. Kumbe wawili wale walikuwa wameshaoana miaka kadhaa nyuma, na yeye alitaka tu kumvisha mkewe pete bora kuliko ile ya mwanzo. Jibu alikuwa akilala nalo nyumba moja. Anayelijua jibu na apige goti popote, hata stendi ya mabasi.

Mjomba wangu alikuwa mshenga wa watu wengi pale mtaani kwetu, na nilipokuwa mdogo nilidhani kazi yake ni kula pilau. Barua ya posa ilitiwa ndani ya bahasha pamoja na pesa ya kuifungulia, ikawekwa kwenye sahani na kufunikwa kitambaa cheupe. Wenyeji waliipokea, wakazungumza habari za mvua na za mazao, kisha mkubwa wao akasema: "Tumeipokea barua yenu. Tutawajibu." Basi, watu wakaondoka. Wiki mbili, wakati mwingine mwezi. Kama jibu ni hapana, mshenga aliambiwa binti bado anasoma, au kuna waliotangulia, akalibeba neno hilo kwa upole hadi kwa waliomtuma. Mjumbe hauawi, na mposaji mwenyewe hakuwepo pale aone nyuso za watu. Siku hizi nikiufikiria utaratibu ule naona jinsi walioutunga walivyojua kukataliwa kunavyochoma, wakatengeneza nafasi katikati ili mtu aweze kukataa na mwingine aweze kukataliwa, na kesho yake wakutane sokoni wasalimiane.

Lakini sitaupamba. Bibi yangu aliposwa akiwa jikoni anachambua mchele. Alisikia jina la mume wake kupitia ukuta wa udongo. Siku ya kuulizwa aliinamisha kichwa akanyamaza, na wazee wakasema kimya cha mwali ni ridhaa. Aliniambia hayo akiwa na zaidi ya miaka 70: "Mjukuu wangu, mimi sikunyamaza kwa kukubali. Nilinyamaza kwa sababu hapakuwa na pa kusemea." Nilimkumbuka bibi usiku ule wa keki. Yeye kimya chake kilihesabiwa ndiyo. Mimi nilipewa maikrofoni, na bado sikuwa na pa kusemea.

Kuhusu pete zenyewe, nina mengi ya kusema, maana watu wanateseka bure. Kijana anakopa ili apate almasi, akiamini ndivyo ilivyokuwa tangu Adamu. Ule msemo kwamba almasi ni ya milele uliandikwa mwaka 1947 na Frances Gerety, mwandishi wa matangazo, kwa ajili ya kampuni ya almasi ya De Beers. Mwaka huohuo mgodi wetu wa Mwadui, Shinyanga, ulitoa almasi ya waridi ya karati 54.5 iliyopelekwa kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi yake. Malkia Victoria wa Uingereza yeye alivaa pete ya uchumba yenye umbo la nyoka na zumaridi, na ni yeye aliyemwomba mchumba wake Albert ndoa, Oktoba 1839, kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kumposa malkia. Na mwaka 2010 mwanamfalme William alimvisha Catherine, huko Kenya, pete ya yakuti samawi iliyokuwa ya mama yake marehemu. Mwenyewe alisema aliibeba kwenye begi la mgongoni kwa wiki kama tatu bila kuiachia, kwa hofu ya kuipoteza. Huyo nilimwelewa. Pete ile ilikuwa na mtu ndani yake.

Ukitaka tanzanite, kanunue. Ni jiwe letu, linatoka Mirerani tu na si penginepo duniani. Ila muulize sonara akuambie ukweli. Kwa kipimo cha ugumu wa mawe, kinachoanzia 1 hadi 10, almasi ni 10, tanzanite ni kati ya 6 na 7. Hupasuka likigongwa vibaya, na halipendi kutolewa kwenye moto ukalichovya kwenye baridi. Mwambie alizungushie dhahabu au fedha pande zote, asilishike kwa vikucha vyembamba, na mvaaji alivue anapoingia jikoni. Hereni za tanzanite hudumu zaidi. Ile yangu niliirudisha ikiwa na mkwaruzo mmoja, nilioupata kwenye ukingo wa sufuria.

Pete ninayoivaa sasa haina jiwe. Ni ya fedha, bapa, sonara aliitengeneza kutoka kwenye bangili ya bibi, na nakandia unga wa chapati nikiwa nayo kidoleni. Ilikuja baadaye kabisa. Siku mume wangu aliponiuliza hakuwa na pete. Tulikuwa kwenye foleni ya pantoni la Kigamboni, yeye ameshika mfuko wa machungwa, mimi nimeshika viatu vyangu kwa sababu vilikuwa vinanibana. Akasema, "Nataka nikuoe, ila leo usinijibu." Nikamwambia anipe hadi Jumapili ya wiki inayofuata. Akasema sawa, akamenya chungwa.

Siku tisa hakulitaja. Nilikwenda Tanga, nikazungumza na mama, nikamuuliza yeye kwa simu kuhusu watoto, kuhusu dini, kuhusu deni la kaka yake. Yote alinijibu. Jumapili tulikutana palepale kwenye foleni. Nikamwambia. Watu wakatupita mbele na baiskeli zao na kuku wao, geti likafungwa, pantoni likaondoka, nasi tukabaki tumesimama tukisubiri lingine.