Ramani iliyomwangusha Barbara Jordan

Mwanamke akianguka kwenye uchaguzi, maelezo huwa tayari mfukoni: hakujipanga, hauziki, wanawake wenzake wamemnyima kura. Nikisikia maneno hayo, namkumbuka Barbara Jordan, mwanasiasa Mweusi wa Houston, Texas, Marekani.

Alizaliwa mwaka 1936 na kukulia Fifth Ward, mtaa wa watu Weusi. Alisomea sheria Boston, akahitimu 1959, akarudi nyumbani na kuigeuza meza ya chakula ya wazazi wake kuwa ofisi ya uwakili. Katika kampeni ya urais ya Kennedy na Johnson mwaka 1960 alijitolea kulamba stempu na kuandika anwani kwenye bahasha. Usiku mmoja msemaji alikosekana kanisani, akasimamishwa yeye ahutubie. Tangu usiku ule hakurudishwa tena kwenye bahasha.

Sauti hiyo ya jukwaani alikuwa nayo mwaka 1962 alipogombea Baraza la Wawakilishi la Texas. Akashindwa. Alikuwa nayo 1964, akashindwa tena. Wawakilishi wa Kaunti ya Harris walikuwa wakipigiwa kura na kaunti nzima, kwa hiyo kura za Fifth Ward zilimezwa na za Wazungu walio wengi. Tena ilikuwapo kodi ya kupigia kura, mzigo kwa maskini kabla hajalifikia sanduku. Kisha Mahakama Kuu ya Marekani ikaamuru maeneo ya uchaguzi yalingane kwa idadi ya watu. Ramani ya Texas ikachorwa upya 1965, na mwaka uliofuata mahakama zikaifuta kodi ile. Mwaka huohuo, 1966, Jordan akagombea Seneti ya jimbo katika eneo jipya na kushinda. Texas haikuwa na seneta Mweusi tangu 1883. Mgombea ni yuleyule aliyeambiwa mara mbili kwamba hatoshi.

Ndani ya Seneti walikuwa 31, na mwanamke alikuwa yeye peke yake. Desturi yao ilitaka theluthi mbili wakubali ndipo muswada ujadiliwe, maana yake maseneta 11 wangeweza kuukwamisha. Ulipokuja muswada wa kubana uandikishaji wa wapiga kura, alimwendea mwenzake mmoja baada ya mwingine, akahesabu vichwa hadi wakatimia. Muswada ukafia hapo. Hii ndiyo kazi ya siasa ninayoiheshimu, na kamera hazikuwapo. Alipigania pia sheria ya kwanza ya kima cha chini cha mshahara Texas, akiwatazama wafanyakazi wa majumbani na mashambani, ambao wengi wao sheria ya taifa ilikuwa imewaacha nje.

Lakini sitamfanya malaika. Mwaka 1971 aliwekwa kuwa makamu mwenyekiti wa kamati ya kuchora ramani mpya ya viti vya Kongresi, bunge la taifa, na kiti kimojawapo akakigombea mwenyewe. Kiti chake cha Seneti kikapoteza wingi wa wapiga kura Weusi. Curtis Graves, mwakilishi Mweusi kutoka Houston, alimshutumu hadharani kwamba amewauza watu wake. Wapiga kura walimpa ushindi Jordan, ila kwangu Graves alikuwa na hoja. Aliyeumizwa na ramani alipaswa kujua uzito wa kalamu ile.

Tarehe 10 Juni 1972 alikaimu ugavana wa Texas kwa siku moja, kwa desturi ya kumheshimu rais wa muda wa Seneti, cheo alichokuwa nacho wakati huo. Baba yake, mchungaji, alikuwapo kumshuhudia. Siku ileile akapata kiharusi, na kesho yake akafariki.

Novemba mwaka huo Jordan alichaguliwa kwenda Kongresi, Washington. Sheria ya Haki za Kupiga Kura, ile ya taifa ya kuzuia ubaguzi kwenye uchaguzi, ilipoongezwa muda mwaka 1975, alisaidia kuipanua ilinde pia wapiga kura wasiotumia Kiingereza, na viongozi wengi wa jimbo lake hawakutaka. Tangu hapo Texas ililazimika kuomba kibali cha serikali kuu kabla ya kugusa ramani zake za uchaguzi. Sharti hilo lilidumu hadi 2013, miaka 17 baada ya yeye kuzikwa Austin.