Mjomba, Kabati na Mlango wa Msalani

Shemeji yangu alipotaka kuvunja ukuta kati ya sebule na chumba cha pili, sikumpinga. Niliukagua kwanza: tofali nyembamba, haubebi kitu, boriti za zege zimepita kwingine na juu yake hakuna ukuta mwingine. Ukaanguka, akapata ukumbi mmoja wa mita 9 kwa 5, dari mita 2.8. Ubishi ulianza aliponieleza kitakachokaa mahali pa ukuta: kabati la vitabu lenye magurudumu. Mchana lisimame pembeni, usiku lisukumwe katikati, mgeni apate chumba.

Wazo lenyewe halina ubaya. Mwaka 1924 msanifu majengo Gerrit Rietveld alimchorea Truus Schröder nyumba huko Utrecht, Uholanzi, na ghorofa yake ya juu hadi leo hugeuzwa chumba kimoja au kadhaa kwa kutelezesha kuta. Ila zile ni kuta nyepesi, zinapita kwenye reli. Shemeji aliziona pichani akaenda kuagiza mbao ngumu.

Kabati likaja: urefu mita 1.8, kimo mita 2.1, kina sentimita 60, halina mgongo, vitabu vinapangwa pande zote mbili. Nikachukua kalamu. Rafu tano kila upande ni mita 18 za vitabu. Mita moja ya vitabu hufika kilo 30 bila shida, hivyo 540. Ongeza mbao, kama kilo 80. Jumla 620.

"Na magurudumu?"

"Manne," akasema kwa fahari. "Kila moja linabeba kilo 60."

Nikamweleza kwamba hata yangekuwa ya kilo 160, mzigo haugawanywi kwa manne. Sakafu haikosi vilima vyake. Gurudumu moja likining'inia kidogo tu, matatu ndiyo yanayobeba. Kwa hiyo unagawa kwa tatu, na hapo kila gurudumu lilitakiwa kuhimili kilo 207. Tena yawe makubwa, kipenyo sentimita 12 na nusu, yamevikwa mpira. Yake yalikuwa ya plastiki ngumu, sentimita 5, ya kiti cha ofisini.

"Shemeji, wewe unapiga hesabu za treni," akanijibu. Akafunga mawili yenye breki upande wa sebuleni, mawili yasiyo na breki upande wa pili, mazungumzo yakaisha.

Basi mjomba wake akaja kukaa siku chache. Mzee mnene, mpole, mpenda vitabu. Nami nikaitwa nije nione kabati likifanya kazi. Nilipofika mjomba hakuwepo pale ukumbini, na hakuna aliyeuliza yuko wapi. Dada akashika kona moja, shemeji nyingine, wakasukuma. Kabati likaanza safari kandokando ya ukuta wenye mlango wa msalani, limeacha nafasi ya sentimita 20. Likapita vigae vitatu, vinne, likatoa mlio wa kuvunjika biskuti, likainama kidogo mbele, likagoma.

Ndipo tukasikia, "Hodi!"

Shemeji akaenda kufungua mlango wa nje. "Karibu!" Hakuna mtu. "Hodi jamani!" Dada akachungulia dirishani. Msiwacheke. Ukumbi ule ulikuwa vigae chini, zege juu, vioo ubavuni, hauna zulia wala pazia. Kwa kanuni ya Sabine, inayokadiria mwangwi utadumu sekunde ngapi chumbani, unazidisha ujazo wa chumba kwa 0.161, kisha unagawa kwa uwezo wa nyuso zake kumeza sauti. Ujazo ni mita za ujazo 126. Nyuso zile tupu zilimeza sawa na mita 10 za mraba hivi. Mwangwi wa sekunde 2! Sauti ilitoka kila upande isipokuwa ilikotoka.

Mlango wa msalani ukagonga kabati. Ka! Ukarudi. Ka!

"Mpwa wangu," ikasema sauti, "mmejenga?"

Mlango ule unafunguka kwa nje, na ndivyo inavyofaa kwa msala mdogo: mtu akizimia ndani, mwili wake hauzuii mlango. Lakini aliyechora mkao wa mchana aliuachia mlango nafasi yake, na mkao wa usiku haukuchorwa kabisa, sembuse njia ya kutoka mmoja kwenda mwingine. Mlango wa sentimita 70 unadai sentimita 70 zake saa zote, na mbele yake mtu apate sentimita 90 za kupita.

Kilichozamisha kabati nilikiona nilipolala kifudifudi. Ukuta ukivunjwa, chini yake hubaki mfereji usio na vigae. Wao waliujaza juzi yake kwa mchanga mwingi na saruji ya kuombea, juu ya vumbi, wakauacha ukauke na jua. Pale panatakiwa kukwanguliwa, kuloweshwa, kupakwa uji wa saruji, kisha kujazwa saruji 1 kwa mchanga 3 na kumwagiliwa siku 7. Magurudumu mawili ya mbele yalikuwa yamezama hadi kwenye ekseli.

Shemeji akakimbilia rafu za chini, aone magurudumu vizuri. Nikamdaka mkono. Ukitoa vitabu vya chini kwanza uzito wote unabaki juu, na kabati lililokwisha kuinama linamalizia safari kwa kulala. Tukaanza juu. Mjomba akapenyeza mkono kwenye ule upenyo naye akawa anatupokea kazi ya upande wake. Kwa muda kazi ilienda vizuri, kisha upande wake ukanyamaza.

"Mjomba, uko salama?"

"Hiki nilikitafuta miaka mingi," akasema. "Nipitishieni miwani yangu."

Ikapitishwa kati ya rafu ya tatu na ya nne.

Vitabu vilipobaki vichache, nikaingiza mtaimbo, nikainua gurudumu moja moja na kusukumia chini yake kipande cha plaiwudi cha milimita 18, uzito utandazike. Kabati likarudi nyuma kwa adabu. Mlango ukafunguka, mzee akatoka na kitabu kwapani, akatusalimu wote upya.

Nikawatajia yanayotakiwa: mfereji uchimbwe ujazwe upya, magurudumu sita badala ya manne, vitabu vibaki nusu na vizito vikae rafu za chini, zulia na mapazia mazito ili mwangwi ushuke chini ya sekunde moja, na utepe sakafuni kuonyesha mahali ambapo kabati lisisimame hata kwa bahati mbaya. Shemeji alikuwa anaandika kweli safari hii.

Mjomba akauliza, "Na mimi nitalala wapi?"

Shemeji akaonyesha kwa kidevu: nyuma ya kabati.

Mzee akalitazama juu hadi chini, akainama kukagua magurudumu. "Basi ligeuzeni," akasema. "Breki zikae upande wangu."