Ami, Ukwaju na Kanzu ya Maalim

Daktari alimpa Ami sharti moja tu: soda basi. Kola ya mililita 300 ina takriban gramu 32 za sukari, yaani vijiko vinane vya chai, na Ami alikuwa na moja ya kuteremshia mahamri asubuhi, moja ya wali mchana, na ya usiku akidai ni dawa ya kusaga chakula.

Nikaambiwa nimtengenezee juisi ya ukwaju. Haina siri. Ukwaju robo kilo unauloweka nusu saa kwa lita moja ya maji vuguvugu, unauvuruga kwa mkono mpaka kokwa zibaki tupu, unachuja, kisha unaongeza lita nyingine ya maji, maana ukwaju mzito humfanya mtu aitafute sukari kwa macho. Tangawizi kipande cha kidole gumba, kimemenywa na kupondwa. Tende sita, zimetolewa kokwa na kusagwa. Vyote vichemke dakika kumi, vipoe, viingie friji, viishe ndani ya siku tatu. Mwenye sukari akiweza kuinywa bila tende, bora zaidi: zaidi ya nusu ya uzito wa tende kavu ni sukari, na ukiichuja tena, nyuzinyuzi ambazo zingeipunguza kasi zinabaki kwenye chujio.

Shangazi, dadake Ami na amiri jeshi wa jiko letu hapa Barani, Malindi, alinisikiliza ameshika kiuno.

"Kuchemsha kunaua vitamini."

"Vitamini gani, Shangazi? Ukwaju wenyewe vitamini C yake ni ya kutafuta kwa tochi."

"Wewe umesoma, mwanangu. Mimi nimezaa saba."

Hoja ikafa hapo. Ukwaju ukaingia mbichi. Tende zikaingia nusu kilo, ili "Ami asiione soda tamu". Tangawizi ikapondwa na maganda yake, eti ndiko kwenye nguvu.

Nguvu ipo, hakusema uongo. Kwenye ganda la tangawizi na ngozi ya tende huishi hamira ya asili, ile isiyonunuliwa dukani. Ukiipa maji, sukari na joto la Malindi wakati wa kaskazi, inakula sukari na kutoa gesi, na pamoja na gesi, pombe kidogo. Dakika kumi za moto zingeimaliza kabisa. Friji haiiui, lakini ingeipunguza mbio.

Friji yenyewe juisi ile haikuiona. Ami, kwa kuwahofia watoto wa nyumba, alijaza chupa tatu za maji mpaka shingoni, akavikaza vifuniko kwa nguvu zote za mkono, akazificha chini ya kitanda chake. Chumba cha mabati, dirisha linalopokea jua la alasiri. Hiyo ilikuwa Jumanne.

Ijumaa baada ya swala akarudi na Maalim wa madrasa. Maalim kanzu imetoka kupigwa pasi, kofia ya vito, miwani. Sinia ya pilau iko mkekani, feni inazunguka.

"Maalim," Ami akasema, "nyumba hii soda hainywewi tena." Akaenda chumbani kwa madaha.

Aliporudi na chupa, niliitambua hali yake tangu mlangoni. Kitako kimetuna, na alipoiweka mkekani ikakataa kusimama. Chupa ya plastiki yenye juisi nzima ukiibonyeza inabonyea. Hii hata dole gumba la Ami halikuacha alama.

"Ami, usiifungue!"

"Mnataka kuninyima na hii pia?"

Akaifungua.

Soda ukiifungua inatoa pumzi, basi. Juisi iliyochacha haina adabu hiyo. Ndani mna vipande vya tende, na kila kipande ni mahali pa gesi kuanzia povu, kwa hiyo chupa nzima inataka kutoka kwa mkupuo mmoja. Kifuniko kikaruka, kikagonga feni, feni ikakirudisha katikati ya pilau. Povu la kahawia likafuata njia ileile, na feni ikaligawa kwa uadilifu, isipokuwa Maalim alipata fungu la mgeni. Ganda la tende likamganda kwenye kioo cha kushoto cha miwani.

Maalim hakupiga kelele. Alinusa mkono wa kanzu, akanusa tena.

"Bwana," akasema taratibu, "hii imwagwe."

Dirishani jirani akauliza, kwa sauti ya kusikika msikitini, "Jamani, mmeanza kugema humo ndani?"

Hapo ndipo Ami alipokumbuka kwamba chini ya kitanda zimebaki mbili.

Chupa iliyotuna haifunguliwi ikiwa na joto. Mtoto akatumwa barafu. Unaiinua polepole bila kuitikisa, unaitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya barafu kwa saa nzima, kwa sababu kioevu baridi huishika gesi vizuri zaidi. Kisha unaifunika taulo nzito, unageuza uso pembeni, unalegeza kifuniko kidogo tu. Ikilia, unakaza. Unarudia mpaka inyamaze. Kama ni chupa ya kioo, usiiguse hata kwa mawazo.

Kanzu nayo ikaloweshwa papo hapo kwa maji baridi, ikasuguliwa kwa ndimu na sabuni, ikaanikwa juani. Vikoi vya Ami vyote vilikuwa kambani, vibichi, ikabidi Maalim asitiriwe kwa leso ya Shangazi. Akaketi kimya upande wa sinia uliosalimika, anakula pilau, na magotini pake herufi kubwa nyekundu zinasema SISEMI KITU.

Mimi na taulo tukamaliza chupa ya pili, tukaanza ya tatu. Shangazi alisimama juu ya karo akiitazama juisi inavyokwenda.

"Na vitamini zote hizo tunamwaga?"

Ami akainua macho kwenye feni, iliyokuwa imezimwa na bado inadondosha.

"Zako ziko pale juu, dada. Ukizitaka, washa."