Dakika 20 za Shemeji

Shemeji yangu wa Unguja ni mtu wa hesabu fupi. Alinipigia kunialika harusi ya mdogo wake, nikamwambia nitakuja na boti. Akacheka. "Boti ya nini, shemeji? Panda ndege. Dakika 20 tu, hata chai uliyoiacha mezani haijapoa."

Uongo hakusema. Dar hadi Unguja kwa ndege ni kilomita 70 na kidogo, kama unakwenda Bagamoyo, ila hapa katikati kuna maji. Tatizo ni kwamba hizo dakika 20 zinaanza kuhesabiwa ukiwa angani. Mimi naishi Mbezi Mwisho.

Ndege ni saa 5 asubuhi, nimetoka nyumbani saa 12. Ubungo foleni. Buguruni foleni. Tazara wamejenga daraja la juu, nikashukuru Mungu, kumbe foleni nayo imepanda juu! Kondakta ananiuliza, "Mzee, mbona unaangalia saa kila dakika?" Nikamjibu nina ndege. Daladala zima likageuka kuniangalia. Mtu mwenye ndege, amesimama, kwapa la mwenzake liko puani.

Nimefika nimelowa. Dada wa kaunta akapima begi, sawa. Kisha akasema, "Na wewe panda." Nipande wapi? Kwenye mizani! Eti ndege ni ndogo, lazima wajue uzito wa kila abiria. Miaka miwili namwambia mke wangu nina kilo 80. Dada akasoma kwa sauti ya muadhini: "Tisini na nne!" Na mke wangu yuko nyuma yangu, ameshika embe.

Tukaambiwa tusubiri kidogo. Kidogo hicho kikala saa 1 na nusu. Nikanunua chai, kwa bei ambayo mtaani kwetu unapata chai, chapati na kuku aliyetaga. Ile ilipoa vizuri tu.

Hatimaye tukaingia. Kwa kilo zangu zile nikapangiwa kiti cha mbele kabisa, ubavuni mwa rubani, usukani wa pili uko magotini kwangu. Nikakunja mikono kama niko msibani, nisije nikagusa kitu tukaishia Pemba. Nikafumba macho, nikaanza dua. Sijafika katikati, mke wangu ananigusa bega: "Fumbua, tumefika." Bahari yote ile sikuiona! Nimelipa nauli ya kutazama kope zangu.

Basi kusubiri begi, kubishana bei na teksi, tukafika kwenye harusi jua linaelekea alasiri. Pale barazani nani kakaa? Mama mkwe. Yeye alisema ndege anaiogopa, akapanda boti ya saa 1 asubuhi, mwendo wa saa kama mbili. Ameshaoga, ameshalala, ameshakula, sasa anachokonoa meno. Akaniangalia na suti yangu iliyojikunja. "Baba, mmekuja kwa miguu?"

Pilau nimekuta ukoko.

Nikiwa naukwangua, simu ikaita, jirani yangu wa Mbezi. "Nasikia leo umepanda ndege, bwana! Ni muda gani mpaka huko?"

Nikasimama. Nikapandisha sauti, hata wa jikoni wasikie.

"Dakika 20 tu, ndugu yangu. Hata chai haipoi."